Napiga piano tangu utotoni, lakini mchezo wa piano wa simu unanishinda

BARUA

Mama Mshauri, jambo sana.

Mimi ni kijana wa miaka 29, mkaaji wa komini ya Katuba hapa Lubumbashi. Napiga kinanda katika misa ya pili ya parokia yetu, na katikati ya juma nafundisha watoto wachache wa majirani kwa malipo madogo. Nilianza kujifunza nikiwa mtoto, kwa bruda mmoja mzee aliyekuwa na piano ya kweli ya mbao, naye hakuniruhusu kugusa kibonyezo hata kimoja mpaka nilipoweza kuimba solfeji, yaani majina ya noti, huku nikihesabu mapigo kwa mkono. Nasema haya ili uelewe kwa nini jambo ninalokuandikia linaniuma.

Mtaani kwetu umeme hukatika jioni, na unaweza kurudi usiku wa manane au usirudi kabisa. Kinanda changu kinategemea umeme. Hivyo saa ambazo zamani zilikuwa za mazoezi zimekuwa za simu, na katika simu nilipakua mchezo ule ambamo vigae vyeusi vinashuka katika njia nne juu ya kioo, nawe unavigusa kimoja kimoja na wimbo wa piano unasikika. Niliuchukua kwa kuwa unaitwa wa piano, nikatumaini utanisaidia kutunza vidole. Sasa nimeuzoea kiasi kwamba mke wangu analalamika.

Jambo lenyewe ni hili. Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, ana miaka 11 na hajui kutofautisha do na sol. Wakati wa mapumziko ya mazoezi ya kwaya alinishinda mbele ya wanakwaya wote, tena kwa kipande cha Beethoven kiitwacho Für Elise, ambacho nakipiga bila karatasi tangu nilipokuwa sekondari. Niliomba turudie, akanishinda tena. Toka siku hiyo waimbaji wa besi wananiita mwanafunzi wa mpwa wangu. Nilicheka pamoja nao, lakini usiku nilijiuliza kama mapigo yangu ni mabovu na hakuna aliyewahi kuwa na moyo wa kuniambia. Isitoshe, nilijaribu mchezo mwingine, ule wenye mstari chini ya kioo ambapo lazima uguse noti wakati inapofika juu ya mstari wenyewe, na simu ikaniambia kwamba nachelewa karibu kila noti, ilhali masikioni nasikia niko sawa kabisa. Huwa natumia vifaa vya masikioni vya Bluetooth ili nisimwamshe mtoto.

Kuna mambo mengine mawili. Kidole gumba cha mkono wa kuume kimeanza kuniuma, upande wa kifundo cha mkono karibu na kiganja. Na wazazi wa baadhi ya wanafunzi wangu, walipoona watoto wao wanacheza piano kwenye simu, wameniuliza kwa nini wanunue kinanda ikiwa simu ipo nyumbani. Sikuwa na jibu la kueleweka. Je, Mama, nimekuwa nikijidanganya kwamba najua kazi yangu? Je, mchezo huu unaniharibia mkono na mdundo? Na wale wazazi niwaambie nini?

Ni mimi, mpiga kinanda wa Katuba.

JIBU

Mwanangu, jambo, na pole kwa maneno ya waimbaji wa besi, ambao sijaona bado kwaya iliyofaulu kuwanyamazisha.

Nianze na swali lililokukosesha usingizi. Kushindwa kwako katika mchezo wa vigae hakusemi lolote kuhusu mapigo yako, kwa sababu mchezo ule haupimi mapigo. Tena naenda mbali zaidi: mahali pengi ulipoteleza, uliteleza kwa sababu unajua piano, na mpwa wako alipita salama kwa sababu haijui.

Tazama jinsi mchezo wenyewe ulivyotengenezwa. Noti za wimbo zimepangwa ndani ya programu zikisubiri zamu, moja nyuma ya nyingine, na kila unapogusa kigae cheusi, noti yenye zamu inatoka, haidhuru kigae kilikuwa katika njia ya kwanza au ya nne. Njia zile hazina do wala sol. Sasa chukua mwanzo wa kipande hicho alichokiandika Beethoven mwaka 1810, ambapo mkono wa kuume unapokezana mi na re diezi (kibonyezo cheusi kilicho kati ya re na mi), mi na re diezi, kisha unashuka mi, si, re, do, la. Kwenye kinanda, mapokezano hayo ni ya vidole viwili jirani vilivyotulia mahali pamoja, na mkono wako umeyashika tangu sekondari. Kwenye kioo, mi ya kwanza yaweza kushuka kulia kabisa, ya pili kushoto, na ya tatu katikati, kwa kuwa vigae hupangwa ili kuyachanganya macho, si ili kufuata kupanda na kushuka kwa sauti. Sikio lako linajua mi inakuja, mkono unakimbilia mahali ambapo mi hukaa siku zote, na kumbe kigae kimetua kwingine. Mtoto asiyeujua wimbo hana mazoea ya kupigana nayo. Anaona kitu cheusi, anakigusa, anangoja kingine.

Jaribu jambo moja usiku wa leo: zima kabisa sauti ya simu, ucheze kipande kilekile. Natarajia utafika mbali zaidi kuliko ulivyozoea, au angalau utafika palepale. Kisha rudisha sauti na ufumbe macho. Hutavuka vigae vichache. Hapo utakuwa umejionea mwenyewe mchezo unapima kiungo gani cha mwili.

Na mwendo je? Wewe ulifundishwa kwamba noti ina saa yake, na ukiipiga kabla ya saa hiyo umeharibu. Mchezo wa vigae wa mtindo huo hauna habari na saa ya noti. Kigae kinaweza kuguswa mara tu kinapoonekana juu ya kioo, na kinachotakiwa ni kwamba kisipite chini bila kuguswa. Nina hakika mpwa wako anavigusa mapema, vikiwa bado juu, na ukisikiliza vizuri wimbo wake utasikia unakimbia hapa na kusitasita pale kama mbuzi anayevuka barabara ya Kasapa. Hajali, na kwa kanuni za mchezo hana sababu ya kujali. Wewe unakingoja kigae mpaka saa yake ifike, kwa heshima ya marehemu Beethoven, na wakati unangoja, vingine vitatu vimeshuka. Mchezo ulioeneza mtindo huu duniani mwaka 2014, Piano Tiles wa mtengenezaji programu Hu Wen Zeng, ulikuwa na kanuni moja tu, nayo ni kutogusa kigae cheupe. Toleo la pili, lililotoka mwaka 2015, likaongeza jambo ambalo kwa mpiga piano ni adhabu hasa: ukiumaliza wimbo, unaanza tena kwa mwendo mkali zaidi, na tena, mpaka ushindwe. Mtu aliyefunzwa miaka mingi kushikilia mwendo mmoja anasukumwa auache kila dakika. Mwili unagoma, na una haki ya kugoma.

Mchezo wako wa pili, ule wenye mstari, ni jambo tofauti, nami nauheshimu zaidi. Katika michezo ya aina hiyo, kama vile Deemo iliyotolewa na kampuni ya Rayark ya Taiwan mwaka 2013, noti ina saa yake kweli, na ukiwahi au kuchelewa unaambiwa. Huo unaweza kuitwa mchezo wa mdundo bila kuona haya. Lakini hapo pia simu imekusingizia, na mhalifu umemtaja mwenyewe katika barua yako bila kumshuku: ni vile vifaa vya masikioni vya Bluetooth. Sauti inayosafiri kwa njia hiyo hufungwa, hutumwa na kufunguliwa tena kabla haijakufikia, na kazi hiyo kwa kawaida huchukua zaidi ya sehemu moja ya kumi ya sekunde. Utaona ni kidogo. Basi tupige hesabu. Katika mwendo wa mapigo 120 kwa dakika, pigo moja lina nusu sekunde, na ukiligawa mara nne, kila robo yake ina sekunde 0.125. Kwa hiyo sauti inaweza kukufikia ikiwa imechelewa kwa robo nzima ya pigo. Macho yanaona noti juu ya mstari, masikio yanasikia muziki uliopita, na mwanamuziki kati ya hivyo viwili huamini masikio. Unapiga sawasawa na unachosikia, na mashine inaandika kwamba umechelewa. Asiye mwanamuziki huamini macho, naye anapewa sifa.

Dawa ni rahisi. Tumia vifaa vya masikioni vya waya, au kipaza sauti cha simu yenyewe kwa sauti ndogo, kisha uingie katika mipangilio ya mchezo, utafute mahali pa kurekebisha uwiano wa sauti na kugusa, ufanye zoezi wanalokupa. Wapiga ogani za mabomba katika makanisa makubwa wanaijua shida hii kuliko sisi sote, maana mabomba yao yako mbali na benchi, na sauti hurudi kwao imechelewa. Ndiyo maana hujifunza kuamini vidole na kutoufuata mwangwi, la sivyo wangezidi kupunguza mwendo mpaka waumini wakate tamaa ya kufika amina.

Ukitaka kuyapima mapigo yako kwa haki, simu hiyohiyo inaweza kukusaidia kwa njia nyingine, tena bila umeme wa ukutani. Pakua metronomu ya bure, yaani programu inayotoa mlio wa kuhesabu mapigo, uiweke kwenye 40, na uchukulie kwamba kila mlio ni pigo la kwanza na la tatu katika mwendo wa 80. Piga makofi, au piga noti kwenye meza, ukijaza mwenyewe pigo la pili na la nne ambalo hakuna anayekupa. Kama baada ya mistari kadhaa bado unakutana na mlio bila kuusubiri wala kuukimbiza, mapigo yako ni mazima. Kisha mpe mpwa wako zoezi hilohilo. Simwombei mabaya mtoto wa watu, lakini ningependa waimbaji wa besi wawepo.

Sasa nije kwenye kuharibika. Siamini kwamba mchezo unaharibu mdundo wa mtu aliyekwisha kuujenga. Kioo hakiwezi kukuondolea ulichonacho. Kinachonitia wasiwasi ni tabia mbili, na zote ni za mchezo wa vigae kuliko ule wa mstari.

Tabia ya kwanza ni kusimama. Ukigusa vibaya mara moja katika mchezo wa vigae, wimbo umekufa, na unarudishwa mwanzo. Angalia wanafunzi wako wanapojifunza kipande: wakikosea mstari wa sita, wanarudi mstari wa kwanza, na kwa hiyo mwanzo wanaujua mno na mwisho hawaujui kamwe. Mchezo unaipa tabia hiyo nguvu mara mamia kwa jioni moja. Na wewe, ambaye kazi yako ni kuisindikiza kwaya, unajua kosa ndani ya misa linavyotendewa: linapitwa, mkono wa kushoto unashika besi, mkono wa kuume unatafuta mahali pa kurudia, na kwaya haijui kwamba kuna kilichotokea. Michezo yenye mstari ni afadhali katika hili, kwa kuwa mingi yake inaendelea hata ukikosa noti, na inakulazimisha kuishika inayofuata.

Tabia ya pili ni kungoja kuamriwa. Katika michezo hii yote, mwendo unatoka nje. Unashuka kutoka juu ya kioo, haukusubiri na haukufuati. Kusindikiza ni kinyume cha hapo. Fikiria matoleo katika misa ya kwetu, ile ya majimbo ya Kanisa ya Zaire, kama nchi yetu ilivyoitwa wakati huo, iliyokubaliwa na Roma mwaka 1988, waumini wanapokwenda mbele kwa kucheza na kikapu, debe la unga na mkungu wa ndizi. Nani anajua msafara utakuwa na urefu gani? Wimbo umekwisha na akina mama bado wako katikati ya kanisa. Unarudia kiitikio, unasikia mwimbishaji anavuta pumzi na unampa nafasi, unaona padre ameinua mkono na unaukaribisha mwisho kwa kordi mbili. Wakati mwingine sauti ya kwanza imeshuka nusu tone na huna budi kushuka nayo kabla ya ubeti unaofuata. Hakuna mchezo wa simu ninaoujua unaomfundisha mtu kuyafanya hayo, na wewe unayafanya kila Jumapili pasipo mtu kukupigia makofi. Ikiwa unataka mashindano ya haki na mpwa wako, yako hapo.

Lipo jema moja ambalo ningependa ulichukue katika mchezo, nalo ni la macho. Mchezaji hodari haangalii kigae anachokigusa. Anaangalia vile vinavyokuja juu, na vidole vinamaliza kazi ambayo macho yamekwisha kuiacha nyuma. Msomaji mzuri wa noti hufanya vivyo hivyo, macho yake yakitangulia mikono. Wanafunzi wengi hukwama katika kusoma kwa sababu wamegandisha macho juu ya noti wanayoipiga. Kama una mwanafunzi anayeupenda mchezo, mkumbushe pale anapofanya hivyo kwenye simu bila kufundishwa, kisha funika kwa kadi noti anayoipiga kwenye karatasi ili alazimike kutazama mbele. Atakuelewa upesi kuliko ukimwambia kwa maneno.

Kuhusu vidole, usitumaini faida. Bartolomeo Cristofori alipotengeneza piano ya kwanza huko Firenze karibu na mwaka 1700, shida aliyoitatua ilikuwa kwamba kinanda cha zama zake, chenye nyuzi za kukwanyuliwa, kilitoa sauti ya nguvu ileile hata ukigusa vipi. Nyundo zake ziliufanya mguso wa kidole uamue kama sauti itakuwa ndogo au kubwa. Hata kinanda cha umeme cha kawaida leo huhesabu kasi ya kidole, na katika utaratibu wa vyombo vya muziki vya umeme uitwao MIDI, uliowekwa mwaka 1983, kasi hiyo ina ngazi 127. Kioo cha simu kinaturudisha nyuma ya Cristofori: kinajua umegusa au hujagusa. Hakuna uzito chini ya kidole, hakuna kushikilia noti moja mpaka nyingine ijibu, hakuna pedali. Tena, kama unavyokunja vidole vizuri kwenye kinanda, ncha zao hukaribia kucha, na kioo hakiitikii ukucha, kinataka nyama ya kidole. Huenda miguso yako mingine ilipotea kwa sababu hiyo tu, kwa kuwa una mkono uliofunzwa vizuri.

Kidole gumba kisidharauliwe. Kushika simu kwa viganja na kupiga kwa vidole gumba kwa muda mrefu kunaichosha mishipa inayopita kwenye kifundo cha mkono upande wa gumba, palepale ulipopataja. Acha mchezo kabisa kwa majuma mawili au matatu. Ukirudi, laza simu juu ya meza na utumie vidole vya shahada na vya kati, kwa muda mfupi. Kama maumivu yanabaki hata umepumzika, au kama pamevimba, au unaumia unapokunja gumba ndani ya ngumi, nenda kwa mganga hospitalini kabla ya kazi nzito ya Noeli na Pasaka, na umweleze kwamba unapiga kinanda, maana hilo litabadili ushauri atakaokupa.

Halafu, mwanangu, geuza kinanda chako uangalie chini yake. Vinanda vingi vidogo vya vibonyezo 61 vina kifuniko cha betri, na vinatumia betri sita za kawaida ambazo kila duka la Katuba linauza. Kama chako kina kifuniko hicho, gharama ya betri za jioni chache kwa juma italeta amani nyumbani, na mkeo atakuwa na jambo moja pungufu la kulalamikia. Kama hakina, chora vibonyezo vya ukubwa kamili kwenye kadibodi.

Ndiyo, chora, na hapa nafikia wazazi, kwa kuwa jibu lao liko katika kipimo kilekile. Kibonyezo cheupe cha piano kina upana wa takriban sentimita 2.35, na oktava moja, yaani vibonyezo vyeupe saba kutoka do mpaka si, ina sentimita 16.5 hivi. Simu ya kawaida ikisimama ina upana wa sentimita 7, yaani ingeingia vibonyezo vitatu vya kweli; hata ukiilaza, haitoshi kwa oktava moja. Piano ina vibonyezo 88. Mbele ya mzazi, weka simu yake juu ya kinanda chako, umwonyeshe kwa macho sehemu ambayo mtoto angejifunza. Sijui hoja nyingine inayoeleweka haraka namna hiyo kwa mtu asiyesoma muziki. Huko Japani wamejaribu kuukaribia ukweli: mwaka 2017 kampuni ya Konami ilitoa mashine ya mchezo iitwayo Nostalgia, yenye vibonyezo 28 vya umbo la piano, na hata humo noti nyingi ni pana kuliko kibonyezo kimoja, hivi kwamba ukigusa cha jirani unahesabiwa umepata. Kwa burudani ni sawa kabisa. Kwa mtoto anayepaswa kujua kwamba fa si fa diezi, hapana.

Usiwakataze watoto mchezo. Utakuwa adui bila faida, na mtoto aliyevutwa na sauti ya piano kupitia simu amekwisha kuja nusu ya njia. Utakutana pia na wale wanaojifunza kwa video au programu kama Synthesia, ambamo mistari ya rangi inashukia picha ya vibonyezo vyenyewe. Hiyo ni tofauti na vigae, kwa sababu angalau kila mstari unashukia noti yake halisi, na mwenye kinanda anaweza kuokota wimbo nao. Lakini mpe kanuni: aruhusiwe kuutazama mpaka aupate mstari mmoja, kisha simu ifunikwe, na mstari huo aupige kwa kuimba majina ya noti, halafu aanzie fa badala ya do. Asipoweza, alichojifunza ni njia ya macho tu, na siku mwalimu wa kwaya atakapoomba wimbo ushushwe, atakaa kimya.

Kwa mzazi ambaye hawezi kununua sasa, kadibodi inatosha kwa miezi ya mwanzo: vibonyezo vyeupe 15 vya sentimita 2.35, ambavyo ni oktava mbili katika urefu wa sentimita 35 hivi, na vyeusi vikibandikwa juu kwa kadibodi nyingine ili kidole kivihisi. Mtoto aimbe noti huku akizigusa, kama bruda wako alivyokulazimisha. Sauti ataisikia kwako siku ya somo.

Kwa mzazi aliye tayari kununua kilichotumika, nenda naye sokoni, usimwache na muuzaji. Vibonyezo viwe vya ukubwa kamili na visipungue 61, maana vile vidogo vya watoto huufundisha mkono kipimo kisicho chake. Gusa kila kimoja kuanzia chini mpaka juu, vyeupe na vyeusi, kwa kuwa muuzaji atakuonyesha vya katikati tu. Fungua kifuniko cha betri utazame kama kuna kutu. Mwishowe, tafuta katika mipangilio mahali pa kuwasha mwitikio wa mguso, piga kibonyezo kimoja polepole, kisha kwa nguvu, na ukiona sauti ni ileile, kiache hata kama bei imeshushwa.